Mashine ya Gemu na Mkono wa Mama Harish

Nimeacha kazi kwa sababu ya macho. Si jambo la kusikitikia sana. Macho haya yamechungulia ndani ya redio kwa miaka ishirini na mitatu, na ndani ya redio hakuna mandhari. Vijana watatu niliowaacha pale karakana, Shinyanga mjini, waliniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nadhani walitaka orodha ya magonjwa ya redio na dawa zake. Orodha hiyo ipo kwenye daftari la kijani, droo ya chini. Haya hayamo kwenye daftari. Nilipandishwa cheo lini sitaandika, maana enzi hizo karakana ilikuwa na mafundi wawili, na cheo cha juu kilikuwa kukaa karibu na dirisha.

Nilianza mwaka mmoja kabla ya Azimio la Arusha, na sikuanza kama fundi. Bwana Jayantilal, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Jayanti, alikuwa anauza redio, baiskeli, cherehani na taa za karabai, na nyuma ya duka alikuwa na karakana ya redio. Alitaka mtu wa kuandika vikaratasi: jina la mwenye redio, anakotoka, na redio inasumbua nini. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane kwa masista na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Aliyenisaili hakuwa yeye, alikuwa mke wake, Mama Harish, mwanamke mwembamba mwenye funguo nyingi kiunoni na jicho lisilopitwa na kitu. Alinipa kalamu, akaniambia niandike kwamba redio ya mzee fulani wa Ibadakuli inakoroma. Niliandika.

"Herufi zinasomeka," alisema. "Unaitwa nani?"

"Minza."

"Minza, hapa hatukai juu ya meza."

Nilikuwa nimeegemea tu, lakini sikubishana. Baadaye, nilipozaa, akawa ananiita Mama Kabula kama watu wengine, ila ile sauti ya siku ya kwanza haikubadilika kwa miaka ishirini.

Fundi mwenyewe alikuwa Mzee Luhende, Msukuma wa Usanda, aliyejifunza redio jeshini wakati wa vita kuu ya pili, akarudi nyumbani na ujuzi na kikohozi. Siku yangu ya kwanza alifungua redio kubwa mbele yangu, mende wakamiminika kama abiria treni ikifika. Akanitazama kuona kama nitakimbia. Nilichukua ufagio. Naamini siku hiyo ndipo alipoamua kunifundisha, ingawa alikaa miezi minne kabla ya kunitamkia.

Alinifundisha kwa pua kwanza. Kilichoungua kina harufu yake: waya una yake, kapasita ina yake, na panya aliyekufia nyuma ya spika huhitaji kusomea. Chuma cha kuchomea risasi tulikuwa tunakipasha kwenye jiko la mkaa, kwa hiyo fundi mzuri alikuwa mwenye subira ya mpishi. Kilipopata moto sawasawa alikisogeza karibu na shavu lake, akakisikiliza kwa ngozi, akasema "sasa." Mimi nilijaribu hivyo mara moja nikabaki na alama wiki nzima.

Wateja ndio waliokuwa wagumu. Mtu anatoka Mwadui na redio yake kwenye shuka, anafika, ananikuta mezani na bisibisi mkononi, anauliza, "Fundi yuko wapi?" Mzee Luhende alikuwa anajibu bila kuinua kichwa, "Fundi ni huyo. Mimi naangalia mkaa." Wengine waliondoka na redio zao, wakarudi baada ya siku mbili, kwa kuwa karakana nyingine ilikuwa mbali.

Kesi iliyonifundisha zaidi ya zote ilikuwa ya Mzee Jilala, mfugaji wa Tinde. Alileta redio yake kwa baiskeli, imefungwa kwa mpira wa ndani wa tairi. Haisemi. Tukaifungua, tukaweka mawe mapya, yaani betri, ikasema vizuri. Akaondoka. Wiki ikapita, akarudi. Haisemi. Tukaiweka mezani, ikasema. Alikuja mara tano, na mara ya tano hakukasirika, jambo lililoniumiza zaidi. Alikaa kwenye benchi, akaniita mama kwa Kisukuma: "Mayu, labda hii redio hainipendi."

Mzee Luhende akanituma niende naye Tinde. Nikapanda lori la pamba, nikafika kwake, nikamwambia, "Baba, fanya kila unachofanya ukifika na redio." Akavua kofia, akachukua redio, akaitundika ukutani kwenye msumari mrefu wa kenchi. Msumari ulipita kwenye tundu la mgongo wa redio, ukagusa vyuma vya ndani, redio ikanyamaza. Tukacheka mpaka mke wake akaja kuona kuna nini. Mzee Luhende hakucheka nilipomweleza. Alisema tu, "Redio haikuwa na ugonjwa. Kila mara uende ukaone mkono unaoishika." Nilidhani anazungumzia redio peke yake.

Aliondoka kazini mikono yake ilipoanza kutetemeka. Hakuaga kwa hotuba. Aliniachia koleo lake la jeshini na meza ya dirishani, akapanda basi la Usanda. Tulimzika miaka miwili baadaye.

Ikafuata ile miaka ya uhaba, ambayo vijana mnaisikia tu. Hakukuwa na spea. Tulichomoa kapasita kwenye redio iliyokufa tukaipandikiza kwenye inayopumua. Mawe ya redio watu waliyaanika juani juu ya bati yapate nguvu kidogo, na mimi niliwashauri hivyo hivyo, kwa sababu sikuwa na ushauri mwingine. Bwana Jayanti alifungua duka kila siku saa mbili hata pale rafu zilipobaki na nyembe na vifungo tu. Mama Harish alikaa kaunta, funguo kiunoni, analinda vile vifungo kama almasi.

Katikati ya miaka ya themanini bidhaa zikaanza kurudi. Zikaja televisheni chache, ingawa kwetu bara hakukuwa na kituo cha televisheni. Watu walizinunua kutazamia kanda za video. Na kabla hatujazoea hilo, mtoto wao Harish, aliyekuwa anafanya kazi Uingereza, akamwandikia baba yake kwamba kuna mashine ya kuchezea michezo kwenye televisheni, kila nyumba huko inayo, na kwamba anatuma moja ya mfano kwa ndege na nyingine tano zinafuata kwa meli.

Lakini masika yale, kabla mashine haijafika, Mama Harish alipatwa na kiharusi. Aliangukia jikoni, akikanda unga. Ulimi ulirudi baada ya mwezi mmoja, tena mkali uleule. Mguu ukarudi kidogo. Mkono wa kulia haukurudi. Ulilala pajani, vidole vimejikunja kidogo. Daktari alimwambia akamue kitambaa kila siku. Alikataa. Alisema hatakaa anakamua kitambaa kisicho na maji mbele ya watu. Akaacha kuja dukani. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya duka, kati yake pazia la kijani, na kwa miezi mingi pazia lile halikufunguliwa na yeye.

Mashine ilipofika, Bwana Jayanti aliniita tuifungue pamoja. Ilikuwa sanduku jeusi la plastiki, bapa, mbele limebandikwa kitu kinachofanana na mbao ili lipendeze sebuleni. Juu lilikuwa na mdomo wa kuingizia kaseti za michezo, na swichi sita za chuma zimepangwa mstari. Swichi moja ya kuwasha. Moja ya kuchagua rangi au nyeusi na nyeupe. Moja ya kuchagua mchezo na moja ya kuanza upya. Mbili za mwisho zilikuwa za ugumu, kila mchezaji na yake: ukiiweka upande mmoja, kibao chako kwenye kioo kinakuwa kirefu na mpira unaudaka kwa urahisi, upande wa pili kinafupishwa. Niliipenda sana hiyo. Mtu mzima na anayejifunza wangeweza kucheza pamoja bila yeyote kudanganya.

Vya kushika mkononi vilikuwa vya aina mbili. Kimoja kilikuwa na mti uliosimama, wa kusukuma huku na huku. Kingine kilikuwa kidogo, kina kitufe chekundu ubavuni na kirungu cha kuzungusha juu. Nilikifungua kile cha kirungu, nikatabasamu. Ndani kulikuwa na volyumu, ileile ya kuongezea sauti ya redio. Uingereza yote ilikuwa inacheza kwa kuongeza na kupunguza volyumu.

Tuliunganisha waya wake kwenye tundu la antena la televisheni, nikatafuta stesheni mpaka picha ikatulia. Sauti haikuja. Bwana Jayanti akaanza kutoka jasho, maana alikwisha tangaza uzinduzi wa Jumamosi. Nilitumia siku mbili. Mashine ilikuwa ya mfumo wa Uingereza na televisheni yetu ilikuwa ya mfumo mwingine, picha zinaelewana, sauti zinapishana hatua chache. Nilifungua televisheni, nikachonga bisibisi ya plastiki kutoka mswaki, kwa kuwa ya chuma ingevuruga, nikazungusha koili ya sauti robo robo. Ijumaa saa tano ikasema: pii, poo, pii. Bwana Jayanti alifunga macho kama anayesikia kinanda.

Jumamosi duka lilijaa. Walikuja walimu, manesi, makarani wa pamba, wafanyabiashara wa Kihindu na wa Kiislamu na familia zao, na wengi waliokuja kuona tu. Bwana Jayanti alivaa tai. Alieleza kila swichi, mimi nikiwasha na kuzima. Alipoingiza kaseti ya vibao na mpira, watu wakasogea, wakitazama nukta nyeupe ikienda na kurudi.

"Ni hiyo tu?" aliuliza karani mmoja.

"Kaa ujaribu," Bwana Jayanti alimwambia.

Karani akakaa, na haikuwa rahisi kumwinua tena.

Mmoja wa waliocheza alikuwa Bwana Machibya, mnene, mpole, mwenye machimbo madogo ya dhahabu upande wa Bulyanhulu. Alicheza na nesi mmoja wa hospitali, akafungwa vibaya, akaomba tena, akafungwa tena. Alipoinuka alimwambia Bwana Jayanti anaitaka mashine ile. Akaambiwa hii ni ya mfano, zinakuja tano. Akasema ana jambo, hawezi kusubiri meli. Wakazungumza pembeni, na Bwana Jayanti akakubali: aje kuichukua baada ya mwezi, akishajiandaa, waendelee kuionyesha kwa wateja hadi wakati huo.

Mchana tulikuwa tunaionyesha dukani, na baada ya kufunga Bwana Jayanti aliibeba na televisheni yake ndani ya nyumba kwa usalama. Siku ya nne au ya tano, Mama Harish akaniita nyuma ya pazia. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, kirungu kiko pajani kwake.

"Mama Kabula, hiki kimeharibika."

Nilikichukua, nikakijaribu. Hakikuwa kibovu. Kwenye kioo kibao kilipanda na kushuka kama siagi. Nikamtazama mkono. Vidole vilikuwa na alama nyekundu mahali palipobanwa na ukingo wa kile kirungu kidogo. Alikuwa amejaribu, na kwa muda mrefu.

"Ni kweli," nilisema. "Kimekuwa kigumu. Nitakitengeneza."

"Usimwambie Jayanti kimeharibika. Ataona ni mimi."

Nilikwenda nacho karakana, nikakaa nacho dirishani nikikigeuza. Nilijaribu kirungu kikubwa cha redio ya zamani. Mama Harish alikishika, mkono ukateleza. Nikakivisha mpira wa baiskeli. Akakishika, kikamponyoka. Siku ya tatu nilikuwa kwangu nakanda unga wa chapati, nikagawa madonge, nikasimama. Mkono wa Mama Harish ulikuwa umezungusha donge la unga kila asubuhi tangu akiwa msichana. Nilichukua donge moja, nikalifunga kwenye karatasi, nikalipeleka kwa seremala wa mtaani kwetu nikamwambia anichongee mti wa ukubwa ule ule, mviringo ule ule, na tundu chini. Aliniuliza mti wa kufanyia nini. Nilimwambia ni wa kutibu televisheni.

Alipomaliza kukichonga, nikaingiza kirungu hicho cha mti kwenye mhimili wa volyumu, nikailainisha volyumu kwa tone la mafuta ya cherehani, nikampelekea. Aliweka kiganja juu. Vidole vikalikumbatia lile donge la mti, si sana, lakini vikakaa. Kibao kwenye kioo kikasogea.

Akasogeza tena.

"Weka swichi ya ugumu huku kwenye kibao kirefu," nilimwambia. "Upande wangu nitaweka kifupi."

"Unanionea huruma?"

"Nimecheza wiki mbili dukani, Mama Harish. Ni haki."

Tangu hapo nikawa naingia kwake saa kumi na moja jioni, tukishafunga. Siku za kwanza alicheza mipira mitatu minne, akachoka, jasho likimtiririka. Baadaye kumi. Baadaye alianza kunitukana nikimfunga, na hapo nikajua mambo yanakwenda. Bwana Jayanti aligundua siku ya pili tu, maana hakuna siri kwenye nyumba yenye pazia. Alikuwa anasimama upande wa pili akihesabu vifungo vilivyokwisha hesabiwa.

Mwezi ukaisha na Bwana Machibya akaja, jioni, mashine ikiwa imekwisha ingizwa ndani.

Nilimwona akishuka kwenye Land Rover yake, vumbi hadi kwenye nyusi. Bwana Jayanti alimkaribisha, akaagiza chai, akanigeukia akasema kwa sauti ndogo, "Mama Kabula, ondoa kile cha mti. Rudisha chake."

"Bwana Jayanti, mwambie mgeni."

"Nilimpa neno langu."

"Vidole vitatu vinafunga sasa. Mwezi uliopita havikufunga."

"Najua ni vingapi," alisema. "Unataka nimwambie mke wangu kwamba kwa ajili ya mkono wake nimemgeuka mteja? Atarudi kitandani asiinuke."

Sikuwa na desturi ya kuingilia mambo ya duka. Siku ile niliingilia. Nilimwendea Bwana Machibya pale alipokaa na chai yake, nikamsalimu, nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikianzia kwenye volyumu na mafuta ya cherehani, mpaka nikafika kwenye kiharusi. Alisikiliza yote. Kisha akaweka kikombe chini.

"Dada yangu, mimi si mtu wa michezo," alisema. "Kabla sijaja hapa mara ya kwanza, shimo liliwafukia vijana wangu wawili. Tuliwatoa, tukawazika. Tangu hapo wenzao wakitoka kazini hawaongei. Wanakaa tu wanatazama chini. Wengine wanakunywa. Siku ile hapa nilifungwa na yule nesi, nikacheka, nikashangaa nimecheka. Nikasema nitawapelekea. Nimewaahidi. Jenereta nimenunua, televisheni iko kwenye gari." Akakisogeza kikombe pembeni. "Lakini kama kuna mgonjwa, nitawaambia nini? Nitawaambia wasubiri."

Pazia la kijani likafunguka. Mama Harish alisimama pale, mkono wa kushoto umeshika ukuta, wa kulia umeibana ile mashine ubavuni kama mtu anavyobeba ungo. Alikuwa amesikia kila neno. Hakuwa ameingia dukani tangu masika.

"Bwana Machibya, hawa vijana ni wangapi?"

"Kumi na wanane, Mama."

"Basi ichukue. Mimi ni mmoja." Akanitazama. "Mama Kabula, mfundishe swichi ya ugumu. Wanaoanza wapewe kibao kirefu."

Nilifungua kirungu cha mti, nikarudisha kile kidogo, nikamfundisha Bwana Machibya kila swichi. Alishika mkono wa Mama Harish kwa mikono yake miwili, akatoka kinyumenyume kama watu wanavyotoka nyumba ya msiba. Bwana Jayanti alimfuata hadi nje akamsaidia kuifunga mashine kwa blanketi.

Kesho yake nilikuta Mama Harish amelala, uso ukutani. Kesho kutwa pia. Siku ya tatu nilikasirika. Sikuwa na mashine, na meli ilikuwa baharini sijui wapi. Nilikaa mezani kwangu nikitazama rafu ya redio zilizokufa, na mbele yangu kulikuwa na redio kubwa ya zile taa za kioo ndani, ya enzi ya Mzee Luhende, iliyokosa mwenyewe miaka kumi. Ikanijia kwamba kutafuta stesheni ni mchezo uleule, tena mgumu zaidi: ukizidisha unywele, umepita.

Niliifufua kwa siku nne. Nililichomeka lile donge la mti kwenye mhimili wa kutafutia stesheni, nikaibeba nyuma ya pazia, nikaiweka mezani upande wake wa kulia, nikafunga waya wa antena dirishani.

"Sitaki redio," alisema bila kugeuka.

"Saa kumi na mbili kuna stesheni ya India kwenye mawimbi mafupi. Mimi sijui kuitafuta, lugha inanichanganya."

Nikatoka. Nilisimama upande wa pili wa pazia pamoja na Bwana Jayanti, wote tukijifanya tunapanga baiskeli. Muda mrefu hatukusikia kitu. Kisha ikaanza kukoroma, ikapiga mluzi, ikapita sauti ya Kiarabu, ikarudi mluzi. Kisha mluzi mwembamba ukashuka, ukashuka polepole sana, ukaishia kwenye sauti ya mwanamke akiimba Kigujarati, lugha ya kwao. Ikapotea. Ikarudishwa. Ikakaa.

Jioni zilizofuata aliitafuta kila siku, na asubuhi alimwamuru mumewe aivuruge stesheni kabisa ili aanze upya. Kwenye kiangazi alishika kikombe. Mwanzoni mwa mvua alitokea dukani na funguo zake, akafungua kabati la kioo kwa mkono wa kulia, kwa taabu, wateja wakisubiri, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Zile mashine tano zikafika kwa treni mwaka uliofuata, makasha yamebonyea, zote nzima. Bwana Jayanti akatangaza uzinduzi mwingine. Habari za machimboni zilikwisha sambaa kwamba huko watu wanapanga foleni kucheza na kubishana kwa sauti kubwa, na kwamba Bwana Machibya bado anafungwa. Watu wakaja zaidi ya mara ya kwanza.

Bwana Jayanti alivaa tai ileile, akaanza kueleza swichi. Mama Harish akamkatiza. Alivuta kiti, akakaa mbele ya televisheni, akachukua kirungu kile kidogo cha kiwandani, akakiweka katika mkono wa kulia. Kidole gumba kilichelewa kidogo, kisha kikafika.

"Nani anaanza?" aliuliza.

Akaanza mwalimu mmoja wa sekondari, akafungwa. Akafuata yule karani wa pamba, akafungwa. Mimi nilisimamia swichi ya ugumu, na nathibitisha hapa kwa maandishi kwamba upande wake niliiweka kwenye kibao kifupi, yeye mwenyewe alipenda hivyo. Watu walikuwa wanacheka, wanahesabu mabao, wanagombania kiti.

Nilipomtafuta Bwana Jayanti aje apokee wateja, sikumwona. Nilimkuta stoo, amekaa juu ya kasha tupu, miwani ameishika mkononi, macho yamelowa. Aliponiona akaanza kupekua maboksi yaliyokuwa karibu naye.

"Natafuta waya," alisema.

Kwenye ndoano nyuma yangu kulikuwa na mzingo wa waya wa antena. Nikaushusha, nikampa, nikarudi dukani nikauvuta mlango nyuma yangu.